Onema wa Pili

Kusema kweli, Ornella hakuwa mvivu. Alikuwa na haraka tu, na haraka, tunaijua, haina baraka.

Mwalimu wa somo la kompyuta pale chuoni Kindu aliwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza: kila mmoja alete maandishi ya zamani ya kwao, ayaingize kwenye mashine, ayapange, ayasafishe. Wengine walileta barua za harusi. Ornella aliomba daftari la Koko Aziza, nyanya yake mzaa baba.

Daftari lile si la mchezo. Mwaka 2002, vita vilipotawanya watu wa mtaa wa Kasuku, Koko aliandika kila aliyepotea: jina, mtaa, mwaka. Aliyerudi alifutwa, na siku hiyo Koko alimpikia wali, hata kama ndio uliobaki nyumbani. Miaka ikapita. Majina mia na arobaini hayakufutwa kamwe, na macho ya Koko yakafifia, asiweze tena kusoma.

Ornella aliingiza yote kwa siku tatu. Kisha akabonyeza pale pa kuondoa yaliyojirudia, kama walivyofundishwa. Mashine ikaondoa jina moja. Hata hakuangalia lipi. Akapata alama kumi na nane kwa ishirini, akapanda pikipiki mpaka nyumbani, anajiona msomi kweli.

"Keti, Koko. Nikusomee."

Koko akasikiliza, midomo ikitembea pamoja na majina. Aliyajua kama mtu anavyojua sala. Ornella aliposoma "Onema Kalume, Kasuku, 2002" na kwenda kwa mwingine, Koko alimshika mkono.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Njo mumoja tu? Na wa pili?"

Onema Kalume wa kwanza alikuwa kaka ya Koko. Wa pili ni mwana wa mwisho wa Koko mwenyewe, ndoyi, yaani wajina, wa mjomba wake, aliyepewa jina lote zima kama desturi ya kwao. Walichukuliwa pamoja, siku moja. Mashine ingejuaje? Lakini yeye alijua, tangu utotoni. Aliona aibu.

"Koko, ile mashine..."

Koko alikwisha kusimama, anapapasa ukuta kuelekea jikoni, uso umekunjuka kuliko Ornella alivyowahi kuuona.

"Mulimufuta," alisema polepole. "Basi mutoto amerudi. Iko wapi? Mwambie angoje."

Ornella akasikia mchele unamiminwa ndani ya sufuria.