Turubai la Daktari Mbambu

Daktari Jemima Mbambu hakuwa na mlango. Hakuwa na dirisha, hakuwa na kitanda cha kumlazia mgonjwa, hakuwa na bomba la maji wala ndoo yenye mfuniko. Hakuwa na ukuta wa kubandika picha ya mtoto anayenyonya. Hakuwa na msumari wa kutundikia koti lake jeupe, kwa hiyo alilivaa tangu nyumbani, na alipofika kazini lilikuwa limeshapata rangi ya udongo wetu. Zaidi ya yote, hakuwa na mahali ambapo mwanamke angeweza kusema ugonjwa wake bila jirani kuusikia.

Alichokuwa nacho ni mkoba, kipimo cha presha, na baraza ya ukumbi wa parokia nyuma ya reli, ambako kwaya ilifanya mazoezi. Alizoea kusikiliza mioyo ya watu kati ya wimbo mmoja na mwingine. Wakati mwingine, mipira ya kipimo cha moyo ikiwa masikioni, alishindwa kujua kama kinachopiga ni moyo wa mama aliye mbele yake au ngoma ya kwaya. Hapo alifumba macho, na kwa kitambo kidogo vyote viwili vilikuwa kitu kimoja, na kartie nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa na moyo mmoja unaopiga polepole.

Alikuwa daktari wa familia. Jina hilo lilitusumbua mwanzoni.

"Familia ya nani?" aliuliza Mama Katongo, aliyeuza makala, yaani mkaa, pale njia panda, siku daktari alipofika.

"Familia yenu, Mama. Yote."

"Basi uko mutoto yetu. Ulishakula?"

Tangu hapo alikula kwa Mama Katongo, na tangu hapo alijua mambo. Alijua mtoto gani ana sikio linalotoa usaha na bibi gani anaficha dawa chini ya godoro badala ya kuzimeza. Hakuzaliwa kwetu. Wazazi wake ni wafanyabiashara wa Butembo waliofuata malori hadi huku. Lakini kujua sikio la mtoto wa mtu ni aina ya undugu.

Ndipo zoni ya afya, yaani ofisi ya serikali inayosimamia matibabu ya kartie zetu, ilipoamua kwamba kila daktari wa familia apewe nyumba ya kufanyia kazi. Zoni ingepanga nyumba, ingepaka rangi, ingeleta kitanda na tangi la maji. Sharti lilikuwa moja: mwenye nyumba aandike kwa mkono wake barua ya kukubali. Kama barua isingefika kabla ya Ijumaa, kitanda, tangi na daktari mwenyewe vingehamishiwa upande wa barabara ya Kipushi, ambako nyumba ilikuwa tayari.

Kwetu nyumba tupu ilikuwa moja tu, ya Papa Raoul Kapya, fundi mstaafu wa vichwa vya treni. Ilikuwa ya matofali mekundu, na kwenye ukuta wake wa nje aliandika kwa rangi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Yeye alilala katika chumba cha nyuma, karibu na jiko. Nyumba yenyewe aliifunga mkewe Edith alipofariki, na ufunguo aliuvaa shingoni, chini ya shati, kama wengine wanavyovaa medali ya Bikira Maria.

Jumatano daktari alimwendea. Mzee alimpa kiti kizuri, yeye akakaa juu ya kreti.

"Papa, sikuje kununua," alisema daktari. Alishajifunza kusema kama sisi. "Zoni inataka kupanga tu."

"Barua ya zoni niliisoma, Dokta. Iko muzuri, haina kosa. Lakini Edith iko mu nyumba."

Daktari hakushangaa. Kwetu, mtu akishazikwa, kilio bado hakijaisha. Inatakiwa ifike siku nyingine, ambapo jamaa na majirani wanarudi, wanafagia nyumba, wanafua mapazia, wanagawa nguo, wanakula pamoja, na marehemu anaachiliwa aende zake. Kabla ya siku hiyo, nyumba ni yake. Papa Raoul alikuwa akiisogeza siku hiyo mbele kama mtu anayesogeza kiti kufuata kivuli. Mara mvua zilikuwa kali, mara mdogo wake alikuwa amekwama mpakani Kasumbalesa na malori yake. Ukweli ni kwamba hakutaka Edith aende.

"Kilio haiwezi kuisha kama wewe hauianzishe, Papa."

"Njo vile," alikubali mzee. "Na mi siianzishe."

Treni ya mizigo ilipita mbali, nzito, na mzee aligeuza sikio kuifuata mpaka ilipoisha.

"Lakini uwanja haiko nyumba," alisema mwishowe. "Kaa mu uwanja yangu, upime bantu bako mpaka siku yenye batakuhamisha. Nikikohoa, utanipa dawa bila mi kupanga mustari."

Alhamisi, jua likiwa bado halijapita ukuta, Deborah, muuguzi wa zoni, alifika na pikipiki ya kazi, na nyuma yake gari lililobeba turubai kubwa la bluu na viti vya plastiki. Deborah ni mtu wa haraka. Alifunga kamba kwenye lango na kwenye mti wa mparachichi, akapanga viti mistari, kisha wote wawili wakarudi nyuma kutazama kazi yao. Deborah alifikiria jua. Daktari alifikiria vumbi. Hakuna aliyefikiria kilio.

Katika mji wetu, turubai likifungwa mbele ya nyumba ya mzee asubuhi, kabla watu hawajanywa chai, hakuna anayeuliza maana yake.

Mama Katongo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona. Alishuka njia na gunia la makala kichwani, kitenge kimefungwa kiunoni, analia tangu kona.

"Woyee, Papa Raoul! Umeenda bila kuaga! Nilikuambia ufunge shingo, baridi itakuua! Sasa nani atanichokoza ku njia?"

Nyuma yake walikuja wengine, na unga, na sufuria, na mafungu ya sombe, majani ya mhogo ya kupika, na mikeka ya kulalia. Viti vilijaa. Wanaume walikaa upande wao na kuinamisha vichwa. Mtu alianzisha wimbo. Daktari alisimama katikati na kipimo cha presha mkononi, akifungua mdomo na kuufunga.

Papa Raoul alitokea nyuma ya nyumba, taulo begani, mswaki mdomoni. Alitazama umati wote. Alitoa mswaki.

"Nani alikufa?"

Wimbo ulikatika.

"Wewe," alisema Mama Katongo.

"Nani alikuambia?"

"Turubai."

Mzee alijitazama miguu, kama anayehakikisha. "Na unalia vile juu yangu? Jana tu uliniita kiatu ya zamani."

"Hata kiatu ikipotea, mwenyewe analia!"

Kicheko kilichofuata kilitikisa kamba. Watu walimshika mzee mikono, mabega, masikio, kuona kama ni yeye. Daktari peke yake hakucheka. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Deborah, toa turubai. Toa mbio."

"Hapana!" Mama Katongo aliweka mkono juu ya gunia lake. "Makala ya kilio hairudiaka ku nyumba, Dokta. Ikirudi, inaenda kuita mwingine."

Kicheko kilipungua. Alisema kweli, na kila mtu alijua. Kilicholetwa kwenye kilio hupikwa na huliwa palepale. Basi walibaki wamesimama na unga wao na sombe yao, kilio kizima kikiwa tayari, ila hakikuwa na mtu wa kuliliwa. Macho yakaenda kwa Papa Raoul. Macho ya Papa Raoul yakaenda kwenye mlango.

Mwishowe mkono wake ulipanda kifuani, ukaingia chini ya shati.

"Kama mulishaanza kulia," alisema, "mulilie Edith. Yeye njo mwenye kilio."

Mlango ulikuwa umevimba, ilibidi wanaume wawili wausukume kwa bega. Hewa iliyotoka ilikuwa na harufu ya sabuni na ya kabati. Wanawake waliingia na mifagio. Mapazia yalitoka, yakafuliwa, yakaanikwa juu ya ukuta hata yakafunika zile herufi. Nguo za Edith ziligawanywa, na Mama Katongo alipata koti la sufi, akalivaa hapohapo ingawa jua lilikuwa limepanda.

Mchana ulikuwa kama usingizi. Mwanga ulipita kwenye turubai ukashuka wa bluu, na chini yake sote tulikuwa wa bluu, mikono ya bluu ikisonga bukari, ugali wetu, moshi wa bluu ukipanda. Ungedhani kartie imezama ndani ya maji matulivu na hakuna anayehitaji kupumua. Daktari alipita kati ya waliaji akipima presha, kwa kuwa nao walikuwa ni wagonjwa wake walewale. Kisha alikaa kidogo, na macho yakamwelemea. Katika kule kusinzia aliona mwanamke mwembamba akitoka ndani ya nyumba na beseni kichwani, akipita kati ya viti bila kugusa mtu, akifungua lango na kulirudisha taratibu. Alipozinduka lango lilikuwa limefungwa. Daktari hasemi juu ya kile ambacho hajakipima.

Exaucée ndiye aliyemwamsha, mama kijana aliyekuja mara nyingi pale barazani pa parokia akisema anaumwa kichwa.

"Dokta, tunaweza kwenda mule ndani?"

Waliingia chumba cha mbele, kitupu, sakafu bado na majimaji ya kufagiwa. Exaucée aliusukuma mlango mpaka ukafunga. Halafu alikaa chini na kusema ugonjwa wake. Haukuwa wa kichwa.

Papa Raoul alikuwa nje, sahani magotini, anautazama mlango. Alishazoea kuuona umefungwa. Alikuwa akiutazama hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi ndani mlikuwa kimya. Sasa pia hakusikia kitu, hata neno, ingawa alikuwa karibu. Lakini alijua ndani mna mtu anazungumza na mwingine anamsikiliza.

Exaucée alipotoka, uso umelowa lakini mabega yameshuka, mzee alikuwa ameshamaliza kula.

"Edith hakumuambia mutu," alisema polepole, daktari aliposimama kando yake. "Alikuwa anaumwa, alinyamaza. Ku hospitali mustari ilikuwa murefu, bantu banasikiliza. Akasema, nitaenda kesho." Alipangusa vidole. "Deborah! Leta meza. Na karatasi yenye haina mistari, mi naandika sawa."

Aliandika kwa utulivu, mgongo wima, kila herufi ikisimama mahali pake. Tulimzunguka, naye akatusomea, kwa kuwa alijua tungeuliza. Alikubali zoni ipange nyumba. Aliomba chumba cha mbele kiwe cha daktari na mlango wake usibadilishwe, kwa sababu unafunga vizuri. Aliomba tangi la maji lisikate mizizi ya mparachichi. Maneno ya ukutani yabaki, kwani nyumba bado haiuzwi.

Bahasha ilikuwa ya zamani na gundi yake ilikuwa imekufa. Mama Katongo, ndani ya koti la sufi, alikwangua bukari chini ya sufuria, akaifinyanga kati ya vidole, akampa mzee. Papa Raoul aliipaka kwenye ukingo wa bahasha, akaukunja, akaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika. Aliipulizia. Kisha alimkabidhi Deborah, ambaye aliiweka chini ya blauzi yake dhidi ya vumbi, akawasha pikipiki, na kupita chini ya mapazia yaliyokuwa yakikauka, kuelekea mjini.