Kigari cha Mkono Mmoja

Mtaani kwao walimwita Rangi, kwa sababu alikuwa mchora mabango na hakuna siku aliyorudi nyumbani bila doa shavuni au kwenye kisigino. Duka la dawa, gereji, saluni, shule ya chekechea: ukipita barabara kuu ukainua macho, herufi ulizozisoma zilikuwa zake. Alizichora kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto uliishia chini kidogo ya kiwiko tangu kuzaliwa. Kopo la rangi alilitundika kwenye kigutu hicho, ngazi akaibana kwa goti, brashi ya pili ikakaa mdomoni. Watu waliosimama kumhurumia walijikuta baada ya muda wanabishana naye kuhusu unene wa herufi. Ndivyo alivyotaka.

Alipojifungua binti, mtoto alitoka amekunja uso kama bosi aliyekatiziwa mkutano. Baba yake, ambaye ni kinyozi na ulimi wake haulali, akampa jina la utani palepale wodini: Mheshimiwa. Jina likamkaa. Hata wauguzi walikuwa wakiuliza, "Mheshimiwa amenyonya?"

Kumnyonyesha Rangi aliweza. Kumwogesha aliweza, na nepi alibadilisha kwa namna yake, kidevu na kiwiko vikifanya kazi ya ule mkono wa pili. Kilichomshinda ni mbeleko. Mtoto akiwa mgongoni anajinyonganyonga kama kambare, fundo la kifuani linataka mikono miwili, hakuna ujanja. Siku moja alilikaza kwa meno. Likalegea akiwa mlangoni, na kama si mama mkwe kuwa nyuma yake, Mheshimiwa angeonja sakafu. Tangu siku hiyo, kila alipotaka kutoka ilibidi angoje mtu wa kumfunga.

"Nimekuwa furushi," alimwambia mumewe. "Nakaa kitandani nangoja kufungwa."

"Si nipo mimi?"

"Upo, ndiyo. Utamwacha mteja na nusu ya nywele ukimbie kunifunga mbeleko?"

Kinyozi alicheka kwa kumfikiria huyo mteja, kisha akaona mkewe hacheki, akaacha.

"Nataka kigari," Rangi alisema. "Cha kusukuma mwenyewe. Niamke, nimweke mwanangu, nitoke. Nisimwombe mtu."

Mama mkwe alikuwa pale pale anakunja nepi. Alikuja kumsaidia mkwewe wakati wa uzazi na bado hajaona sababu ya kuondoka. "Vigari!" alisema. "Sisi wote tulikulia mgongoni, na migongo haikupata pancha."

"Hata mimi nilikulia mgongoni, Mama. Ila aliyenibeba alikuwa na mikono miwili."

Mama mkwe alikunja nepi nyingine, akaikunjua, akaikunja tena. Hatimaye akainuka kutafuta kitambaa chake cha kichwa. "Basi twende wote," alisema. "Kitu cha mjukuu wangu hakichaguliwi nikiwa nimekaa nyumbani."

Duka la vitu vya watoto lilikuwa kona ya barabara kuu, karibu na benki. Walifika wamechelewa kwa sababu mama mkwe alisimama njiani kuchagua tikiti maji, na hachagui moja bila kuyagonga yote. Ndani kulikuwa na harufu ya poda na plastiki mpya. Muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, aliwapokea kwa tabasamu pana. Macho yake yaliteremka hadi kwenye kigutu cha Rangi, yakaruka haraka, yakatua kwa kinyozi.

"Karibu, kaka. Mkeo anahitaji kitu cha namna gani?"

Kinyozi alifungua mdomo. Rangi akamkanyaga kidole cha mguu, taratibu tu.

"Muulize mwenyewe, dada," kinyozi alisema. "Mimi nimekuja kubeba tikiti."

Muuzaji akaona haya kidogo, akawaongoza hadi kwenye kigari kikubwa cha magurudumu manne, kina kifuniko cha lesi na mto mweupe. Mama mkwe alikipapasa kwa mkono mzima. "Hiki sasa ndicho," alisema. "Hiki ni kitanda cha malkia."

Rangi alishika mpini katikati akasukuma. Kigari kilikwenda sawa hatua chache, kisha kikaanza kuvuta upande kama punda aliyeona majani. Alijaribu kukirudisha kwa kiwiko. Kikagoma, kikaenda kugonga mnara wa makopo ya maziwa ya unga, nayo makopo yakaporomoka na kutawanyika duka zima. Kila mtu aligeuka. Kinyozi alikimbia kuyaokota huku akisema, "Si kitu, si kitu, acha nisukume mimi."

"Wewe utakuwa kazini," Rangi alisema. "Dada, nionyeshe kile cha pale dirishani."

Cha dirishani kilikuwa na magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma na moja mbele, yote yana tairi za upepo kama za baiskeli. Kilionekana chepesi na chenye haraka.

"Kile ni cha wale wanaokimbia asubuhi kwa mazoezi," muuzaji alisema.

"Na mimi nina haraka zangu."

Mama mkwe alikizunguka akikitazama kwa shaka. "Mwanangu, kitu cha miguu mitatu? Mbuzi akibaki na miguu mitatu, huyo anasubiri kisu."

Rangi alikisukuma kwa mkono mmoja kati ya rafu. Gurudumu la mbele lilifuata kiganja chake kana kwamba linasikiliza. Akakata kona, akarudi kinyumenyume, akapita kati ya vitanda viwili bila kugusa hata kimoja. Kinyozi, anayemjua, aliona kidevu chake kimeinuka.

"Sakafu ya dukani ni laini," Rangi alisema. "Nataka kukijaribu nje."

Muuzaji alisita, akatazama mlango, akatazama makopo aliyokuwa bado anayapanga. "Haya," alisema. "Lakini kiwe na uzito. Kikiwa kitupu hakikwambii ukweli."

"Mjukuu wangu haendi kujaribiwa!" Mama mkwe, aliyembeba Mheshimiwa tangu nyumbani, alimkumbatia kifuani, naye Mheshimiwa akamtazama muuzaji kwa dharau kubwa.

Hapo ndipo tikiti lilipopata kazi. Rangi alilipakata, akaliweka kitini, akaivuta mikanda ya kumfungia mtoto kwa vidole huku akikibana kifungo kwa kigutu mpaka kikalia tak. Tikiti likakaa limefungwa mabega na kiuno, limetulia kuliko watoto wengi. Wakatoka wote nje, muuzaji naye akafuata, miwani ikimchezea kifuani.

Njia ya waenda kwa miguu mbele ya duka ilikuwa ya vigae, vingi vimevunjika, vingine vimeinuliwa na maji ya mvua. Rangi alipita juu yake bila kuchagua pa kukanyaga. Alishusha kigari ukingoni kwa magurudumu ya nyuma, akavuka mfereji, akakipandisha upande wa pili kwa kukandamiza mpini chini hadi gurudumu la mbele likainuka lenyewe. Mlinzi wa benki aliacha kusinzia. Kwenye mteremko Rangi alikanyaga breki kwa mguu, akaachia mpini kabisa, akarudi nyuma kama anavyofanya akipima bango jipya. Kigari hakikusogea. Mwanamke aliyekuwa anapita alichungulia ndani kumtazama mtoto, akaona tikiti, akaongeza mwendo.

Rangi aliporudi alikuwa anahema na uso unang'aa. Mama mkwe alikuwa ameinama anachunguza jinsi magurudumu yalivyokanyaga vile vigae vibovu.

"Nimefikiri," alisema. "Mafiga ni matatu, na chungu kinakaa. Ukiongeza la nne, moja lazima licheze." Akajinyoosha. "Nafuta habari za mbuzi."

Ingekuwa imeishia hapo kama si suala la kukunja. Nyumba yao ilikuwa ghorofani, ngazi nyembamba, na kigari lazima kikunjwe kisukumwe chini ya ngazi kabla ya kupanda. Muuzaji alionyesha: unabonyeza kitufe cha kulia na cha kushoto kwa pamoja, halafu unasukuma chini. Kwa pamoja. Rangi alijaribu mkono na kiwiko. Akajaribu mkono na goti. Akapiga magoti sakafuni akajaribu mkono na kidevu, na kidevu kikateleza. Kinyozi aliuma midomo, maana maneno yalikuwa yamemjaa, na safari hii hakuyatoa.

Rangi aliinuka, akajifuta magoti.

"Kizuri," alisema. "Lakini si changu. Una kingine?"

Na hapo muuzaji alifanya jambo ambalo Rangi alilikumbuka kwa wema baadaye. Hakumwambia mumeo atakusaidia. Alivaa miwani yake kwa mara ya kwanza tangu waingie, akafikiri, akasema, "Kipo kimoja stoo. Watu hawakipendi kwa rangi yake. Nisubiri."

Alirudi na kigari cha magurudumu matatu kilichojaa vumbi. Rangi yake haikuwa njano wala haikuwa kijani. Ilikuwa kama haradali iliyosahaulika juani. Mchora mabango mzima, Rangi alifumba jicho moja kwa maumivu.

"Nani alichanganya hii?"

"Sijui, mama. Lakini tazama." Katikati ya kiti palikuwa na mkanda mmoja. "Unavuta huo tu."

Rangi aliuvuta. Kigari kikajikunja katikati, kikakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama. Aliinua mpini akaupiga mtikiso mmoja. Kikasimama tena na kujifunga chenyewe. Akavuta, kikakaa. Akatikisa, kikasimama. Akafanya hivyo tena na tena mpaka mama mkwe akaanza kucheka, kisha muuzaji, kisha wateja wengine waliokuwa wanajifanya wanatazama chupa za kunyonyea.

Akakizungusha dukani, akakitoa nje, akakirudisha. Mwisho akamgeukia mama mkwe akanyoosha mkono. "Sasa nipe mwanangu."

Mama mkwe alimtoa Mheshimiwa kifuani. Mama yake akamweka, akamfunga, tak, na hakuna aliyesogea kusaidia.

"Ndicho hiki," Rangi alisema. "Rangi ni kazi yangu. Hiyo niachieni mimi."

Aliimaliza kazi hiyo kwa siku chache, pale uani, mtoto akiwa amelala. Vyuma alivipaka buluu iliyokolea, na pembeni akaandika kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheupe, kama zile za nyuma ya malori: POLEPOLE, MHESHIMIWA YUMO. Kinyozi aliita nusu ya wateja wake waje kuangalia. Mmoja, dereva wa lori, aliuliza kama anaweza kuandikiwa herufi kama hizo na yeye.

Asubuhi ya kutoka ilipofika, Rangi alikuwa na miadi na fundi seremala aliyetaka bango la karakana yake, juu kule baada ya kilima. Alimnyonyesha mtoto, akamteremsha ngazi akiwa amemkumbatia, akakitikisa kigari kikasimama, akamfunga.

"Nikusindikize?" mama mkwe aliuliza kutoka juu.

"Hapana, Mama. Asante. Leo tunakwenda wawili."

"Haya. Nendeni salama." Na mlango ukafungwa.

Alitembea. Hewa ilikuwa bado na ubaridi, maduka ndiyo kwanza yanafunguliwa. Mwenye saluni alimpungia ufagio. Katika kila bango alilopita alikuta kosa dogo ambalo yeye peke yake alilijua, na siku hiyo hakujali hata moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka na mwanawe bila kumwomba mtu. Alijikuta amenyoosha mgongo kama anayekagua gwaride.

Pale kilima kinapoanza, mwanamume mmoja mwenye mkoba wa ofisini alimsimamisha. Alikuwa mtu mpole, aliyesukumwa na wema tu. Alitazama kilima, akatazama kigutu, akashika mpini.

"Dada, acha nikusukumie. Utaweza kweli na huo mkono?"

Kabla Rangi hajajibu, sauti ilitoka nyuma, kali kama filimbi ya refa.

"Mwachie! Anaweza!"

Mwanamume aliachia mpini kana kwamba umemchoma. Rangi aligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama karibu na nguzo ya umeme, kitambaa cha kichwa kimepinda, ana ndara za ndani miguuni.

"Mama?"

"Nilikuwa naenda dukani," mama mkwe alisema. "Kununua chumvi."

"Duka la chumvi liko upande ule."

"Ya upande ule haikolei."

Rangi alijaribu kukasirika, hasira isije. Mheshimiwa naye, aliyekuwa ameamshwa na kelele, alimkunjia bibi yake uso wote.

"Haya, kanunue chumvi yako," Rangi alisema, akageuka, akaegemeza kiganja kwenye mpini na kuanza kupanda. Kigari kilikwea bila kuyumba. Misuli ya mkono ilimuuma vizuri, kama siku ya bango kubwa. Nyuma yake alisikia ndara zikiburuzika, na sauti ya mama mkwe ikimweleza yule mtu wa mkoba, kwa nguvu ya kutosha mtaa mzima kusikia.

"Yule ni mkwe wangu. Umeliona bango la duka la dawa? Lake. La gereji? Lake. Na kigari kile alikichagua mwenyewe, kwa kukijaribu kwa tikiti maji, usicheke, nilikuwepo..."

Rangi hakugeuka, akajifanya hasikii. Alipunguza tu mwendo kidogo, asikose hata neno.