Saa Isiyo na Ubovu

Mtaani wananiita Redio, na sijawahi kukasirika, kwa sababu ni kweli. Nikiona jirani amebadilisha pazia, lazima nijue limetoka wapi. Siku niliposaini fomu ya kutunza siri ili niwe mhudumu wa afya ya jamii, mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini siri nimezitunza. Huu ni mwaka wa pili sasa. Hospitali ikimruhusu mtu aliyejaribu kujiua, muuguzi wa wodi hunipigia siku hiyo hiyo, nami humtembelea kabla siku tatu hazijaisha. Hanipigii bila mgonjwa kukubali, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayechagua nani aje kwake.

"Safari hii ni fundi saa wa kona ya posta," muuguzi aliniambia Jumanne. "Kakutaja wewe."

"Mimi? Ana hakika?"

"Nimemuuliza mara mbili. Kliniki yake ni Ijumaa. Anaendelea vizuri, anatabasamu."

Siku nzima nilijiuliza kwa nini alinichagua mimi. Mwaka jana fundi huyo huyo alinifukuza dukani kwake nilipomuuliza kwa nini mkewe amehama. Wahudumu tuko sita, na wengine wana midomo mizito kuliko wangu.

Alhamisi asubuhi nilitungua saa yangu ya ukutani, nzima kabisa, nikaikumbatia, nikaenda nayo. Sikutaka majirani wajiulize nafuata nini kwa fundi.

Njiani nikamkuta mshona viatu ameshika saa yake ya mkono, imesimama vile vile.

"Fundi kanirudishia jana," akasema. "Hata hajaigusa. Eti nitafute fundi mwingine."

Mwenye duka la dawa naye alikuwa amerudishiwa yake. Fundi cherehani alikuwa amepewa taa ya mezani, ile ambayo fundi saa hakuwahi kumwazima mtu. Wote walisema hospitali imemfanya awe mwema. Mimi niliona mtu anayeaga, nikaongeza mwendo. Wodini waliliona tabasamu lakini hawakujua habari za taa. Hapa waliijua taa, na hakuna aliyejua alikuwa amelazwa kwa nini.

Duka lilikuwa safi kupita kiasi. Ukutani, mahali ambapo saa za watu huning'inia, kila moja na kikaratasi cha tarehe ya kuchukuliwa, ilibaki misumari mitupu.

"Dada Redio," akasema akitabasamu. "Umeleta nini?"

"Inachelewa."

Akaifungua kwa bisibisi, akaichungulia kwa muda mrefu. "Haina ubovu hii."

"Najua." Nikavuta kigoda, nikakaa. "Fundi, nakuuliza bila kuzunguka. Unafikiria kujiua?"

Tabasamu likatoweka. Niliogopa, sikujua hata mikono niiweke wapi. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, na tuliusikia mpaka ukaishia mbali.

"Ndiyo," akasema. "Sikutaka kuondoka na vitu vya watu."

"Asante kwa kuniambia."

Nilimpigia muuguzi pale pale, nikaweka simu mezani ili sote tusikie. Nikamweleza habari za saa, taa na misumari.

"Haya sisi hatukuyajua," muuguzi akasema. "Tusingoje kesho. Fundi, utakubali kuja sasa na dada? Nitawasubiri getini mwenyewe."

Fundi akaitikia, akaanza kutafuta funguo. Hapo udaku ukanishinda.

"Niambie kwanza. Mtaa mzima huu, kwa nini mimi?"

"Wengine nikiwaambia niko sawa, wanaamini," akasema. "Wewe hujawahi kuniamini hata siku moja."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Tulipofika mlangoni akasita, akarudi mezani. Akatoa kikaratasi kwenye droo, akaandika tarehe ya Jumatatu, akakifunga kwenye saa yangu, akaitundika kwenye msumari.

"Usiifuate kabla ya siku hiyo," akasema, tukatoka.