Mlango wa Jikoni kwa Mama

Shemeji yangu anatengeneza filamu za kutisha, na yeye mwenyewe ni mwoga wa kupindukia. Kikifika kipande cha kutisha huziba masikio kwa viganja na kukodolea kioo macho, maana kinachomtoa roho ni sauti, si sura. Siri hiyo tunaijua dada yangu, ambaye ndiye mkewe, na mimi fundi sauti wake.

Filamu yake mpya ina hadithi nne, zote za mama. Tulipokuwa wadogo alitusimulia huku akimenya viazi, na usiku tuligombania kulala katikati. Shemeji alikwenda kumwomba kwa adabu zote. "Mama, jina lako litatokea la kwanza, tena kubwa." Mama akashona gauni la kuendea onyesho. Picha ilipofika kwangu niitie sauti, nikasoma mtunzi ni nani. Shemeji.

Nilipomuuliza, alicheka. "Shem, hadithi za jikoni hazina mwenyewe. Wewe tia sauti."

Nikasema sawa. Dawa ya moto ni moto.

Nilikwenda kwa mama kurekodi mlango wa jikoni, ule unaolia utadhani umekanyagwa kidole. Mama mwenyewe aliufungua na kuufunga mara nyingi, akifurahi kusaidia. Kisha nikaupachika kabla ya kila kioja. Maiti anaamka: mlango kwanza. Mkono unatoka kisimani: mlango, japo kisima hakina mlango. Shemeji aliikagua kazi yote viganja vikiwa masikioni, akanipiga bega. "Safi sana."

Habari ya jina sikumwambia mama. Nilimwambia avae tu gauni lake, kwa kuwa nilitaka aone kwa macho yake yule bwana anavyoumbuka.

Onyesho lilikuwa mchana na ukumbi ulijaa. Katika hadithi ya kwanza watu walishtuka kidogo. Katika ya pili, mlango ulipolia, mtu wa nyuma akasema, "Haya, huyo anakuja." Kweli akaja, watu wakacheka. Kufikia ya tatu ukumbi mzima ulikuwa unaitikia "Karibu!" na ya nne ilipoanza wengine walishainuka kwenda zao. Shemeji, mstari wa mbele, alishusha viganja, akasikiliza, akageuka kunitafuta. Nikampungia mkono. Sijawahi kusikia raha kama ile.

Taa zikawashwa, akapewa kipaza sauti. Mwandishi mmoja wa gazeti akamuuliza nani katunga mambo ya kitoto namna hii. Shemeji akanitazama, akatabasamu.

"Nisijitwalie sifa za mtu," alisema. "Hadithi zote nne ni za mama mkwe wangu. Yule pale, mwenye gauni la zambarau. Mama, simama wakuone."

Mama akasimama. Ukumbi ukaangua kicheko, wengine wakapaza sauti, "Karibu, mama!" Alidhani wanamshangilia, akapunga mkono. Kisha akawatazama vizuri, akaacha kupunga. Alipoketi alilinyoosha gauni magotini, akalinyoosha tena.

"Ule mlango uliokuwa unalia," aliniuliza kwa sauti ya chini, "si wa jikoni kwangu?"

"Ndio wenyewe, mama."

"Ule niliokufungulia?"