Ratiba ya Kumkaribisha Wakili

Waliohudhuria kikao cha Jumamosi, tarehe kumi Juni 2006, katika ukumbi wa kanisa nje kidogo ya Malakisi: Mzee Wepukhulu, mwenyekiti, Absalom, mjumbe, mkulima wa tumbaku, Phelista Nakhungu, mjumbe, mjane wa marehemu kakake Absalom, Wakili Gladwell Nyaruai, mgeni wetu kutoka Kitale, na mimi, mwalimu wa darasa la saba, katibu.

Ajenda ilikuwa moja. Kesi ya Phelista ingesikizwa Bungoma siku ya Alhamisi. Absalom alikuwa amepanda tumbaku katika ekari moja na nusu ambayo mjane huyo aliachiwa na mumewe, na hakimu alikwisha kuonya kwamba hataahirisha tena. Absalom alikuwa na wakili wake mjini tangu Januari. Phelista hakuwa na mtu. Kwa ajili yake na wengine kama yeye, tulikuwa tumeomba kwa miaka minne tupate wakili wa kuishi kwetu. Hatimaye alipopatikana, kanisa lilimpa chumba, meza na kufuli mpya.

Wakili alisimama. Wiki tatu za kuwa kwetu zilikuwa zimemnenepesha kidogo.

"Mama Phelista, siwezi kukuwakilisha."

"Kwa nini, binti yangu? Si nimekueleza yote?"

"Umenieleza. Lakini Mzee Absalom alinieleza kwanza, hata akanionyesha barua zake. Wakili aliyesikia siri za pande zote mbili hawezi kusimama upande wowote. Na si nyinyi wawili tu. Nimekula katika kila nyumba hapa, na kila nyumba imenisimulia kesi yake. Hakuna ninayeweza kumtetea dhidi ya jirani yake."

Nilitazama ratiba iliyobandikwa ukutani. Niliiandika mwenyewe, kwa wino wa rangi mbili. Ili mgeni asile kwa mmoja mara mbili na kumruka mwingine, nilizipanga nyumba zote kwa alfabeti, pasiwe na upendeleo wowote. Absalom alikuwa wa kwanza.

"Si ungewanyamazisha?" mwenyekiti alimuuliza wakili.

"Nilijaribu, mzee. Kila nilipofungua mdomo, niliongezwa paja la kuku."

Phelista alimgeukia Absalom polepole. "Shemeji, nasikia ulimchinjia kuku wawili. Mimi nikiolewa hapa mlinipikia mboga ya mrenda tu."

"Mgeni ni mgeni, bana. Ati sasa ukarimu umekuwa makosa?"

"Na hizo barua za kesi zilikuwa mchuzi?"

Absalom alitabasamu na kuitazama dari.

Ndipo wakili alipotueleza kuhusu mwenzake, Muigai, aliyefungua ofisi Moi's Bridge mwaka uliopita. Huko nako alikuwa amekaribishwa kwa upendo mwingi mno, hata hakubaki na mtu wa kumtetea. Wakili Gladwell alipendekeza wabadilishane: Muigai aje huku, yeye aende kule. Alitoka nje kupiga simu, akarudi na jibu. Muigai angefika Jumatatu, kwa sharti moja: asisikie neno lolote kutoka upande wa pili.

Absalom aliinua mkono. "Huyo naye si tumpangie ratiba? Mimi naweza kuanza, kama kawaida."

Niliibandua ratiba ukutani, nikaikunja mara nne. Tulipiga kura kulikubali sharti la Muigai, mgeni akiwa mtazamaji: watatu kwa mmoja. Kisha Mzee Wepukhulu alifungua mlango na kuwatangazia watu waliokuwa wakingoja nje:

"Jumatatu anakuja wakili mwingine. Atapokewa na Phelista peke yake, na atamsikiza Phelista peke yake. Mkikutana naye njiani, mpisheni. Asipewe chai, asipewe kuku, asiulizwe hata habari za kwao. Hadi Alhamisi jioni, yeyote atakayemkaribisha nyumbani kwake atatozwa faini ya kuku wawili, na kuku hao wataliwa kwa Phelista."