Simu ya Mwisho Kwenye Daftari

Kazini walimwita Bi Haloo, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa neno hilo ndilo alilolitamka kuliko jingine lolote. Alikuwa mpokea simu wa ofisi ya maafa ya mji. Moto ukishika, ukuta ukiangukia watu, mto ukifurika, watu walipiga ile namba fupi na yeye ndiye aliyepokea. Nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumwambia haloo. Mume walishaachana zamani, na mtoto hawakujaliwa. Alibakiwa na mama yake, mjane aliyeishi peke yake karibu na mto, na kaka yake mkubwa, fundi seremala mwenye karakana nyuma ya soko.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha chini katika jengo la halmashauri, hatua mia mbili tu kutoka mtoni. Kila mwaka mhandisi wa mji aliandika barua kwamba ofisi ya kuokoa watu kwenye mafuriko haiwezi kukaa pale ambapo mafuriko yanafika kwanza. Kila mwaka barua iliingia kwenye faili na faili likarudi kabatini.

"Siku maji yakija," mhandisi alizoea kusema, "angalau samaki watazisoma."

Maji yalikuja saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu huko milimani, na mto ukapanda ghafla. Simu zikamiminika, hata ya kwanza haijakatwa ya pili inaita. Bi Haloo alipokea, akaandika kwenye daftari saa, jina na mahali, kisha akageukia redio na kuwaelekeza waokoaji wenye boti pa kwenda. Maji yalipoanza kupenya chini ya mlango wa nyuma, alipandisha miguu kitini akaendelea.

Saa nne na dakika arobaini alipokea nyingine.

"Haloo, ofisi ya maafa."

"Ni wewe?" Ilikuwa sauti ya mama yake. "Nimekupigia kwenye simu yako, imezimwa."

"Kazini tunazima, mama. Uko wapi?"

"Nitakuwa wapi tena? Niko juu ya kitanda. Na maji nayo yamepanda kitandani, hayakuomba ruhusa."

"Panda juu ya meza, mama. Shika nondo za dirisha. Watu wanakuja, wako njiani."

"Wako njiani?"

"Wako njiani, mama."

Hawakuwa njiani. Alikuwa bado hajamwambia mtu. Aliandika mstari ule kwenye daftari kama alivyoandika mingine yote, akanyoosha mkono kushika redio, na papo hapo maji yakazifikia betri zilizopangwa sakafuni. Taa zikazimika, redio ikafa, simu zote zikanyamaza kwa pamoja. Aliita kwenye ile redio iliyokufa mpaka sauti ikamkauka. Mhandisi ndiye aliyemshika bega na kumtoa nje, maji kiunoni, Bi Haloo akiwa amejitwika daftari kichwani. Simu ya mkononi haikushika mtandao. Alikimbilia upande wa mtoni, askari wakamrudisha. Barabara ilikuwa imeshageuka mto.

Mama alipatikana kesho yake.

Msibani kaka alikaa na wanaume nje, lakini jioni aliingia ndani, akakaa mkekani karibu na dada yake. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Najua alikuwa amelala," alisema. "Unamjua mama, akishamaliza chai ya asubuhi anajilaza. Maji yamemkuta usingizini. Hakujua kitu. Nikifikiria hivyo, naweza kupumua."

Bi Haloo alifungua mdomo amwambie, akaufunga. Mtu amepata fimbo ya kutembelea, utamnyang'anyaje? Akamwambia, "Ndiyo, kaka."

Ofisini alisema daftari lilimponyoka alipokimbilia mtoni, likachukuliwa na maji. Lilikuwa kabatini mwake, chini ya mashuka, kurasa zimekauka na kukunjamana.

Miezi sita baadaye serikali ilitangaza ruzuku kwa miji midogo: fedha za kujenga vituo vya kuongozea uokoaji vyenye kuhimili mafuriko, upepo na matetemeko. Kwa muda huo ofisi ya maafa ilikuwa imehamishiwa kwenye stoo ya shule. Bi Haloo, mhandisi na mkurugenzi wa mji walikaa wiki tatu wakijaza fomu. Walichora ramani, wakapima kimo cha kilima chenye tangi la maji, wakaambatanisha picha. Jibu lilikuja kwa barua ya ukurasa mmoja: ombi limekataliwa, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba udhaifu wa jengo la zamani ulikwamisha uokoaji. Mji unaruhusiwa kuomba tena mwakani.

"Ushahidi!" mhandisi alitupa barua mezani. "Mji mzima ulizama, wanataka ushahidi. Lile daftari lingekuwepo, wangeona wenyewe simu zilivyokuwa zinaingia, halafu kimya. Basi, limekwenda na maji, tutafanyaje."

Bi Haloo alisema anakwenda kunywa maji. Alisimama kwenye korido ya shule mpaka kengele ikalia, watoto wakampita huku na huku kama wanavyopita nguzo.

Alikaa na jambo hilo miezi. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala nusu. Alikuwa akiliamua asubuhi na kulighairi jioni. Msimu mwingine wa mvua ulikuwa unakaribia, na ofisi ilikuwa stoo yenye bati linalovuja. Jumamosi moja alilifunga daftari kwenye kanga akaenda karakana.

Kaka alikuwa akipiga randa mbao ya mlango, redio ikiimba pembeni. Alimwona dada yake akafurahi. "Karibu, mdogo wangu. Leo umetukumbuka."

"Kaka, zima hiyo redio kidogo."

Alimwambia akiwa amesimama. Alimwambia yote: saa, kitanda, meza, nondo za dirisha, na lile neno "wako njiani" alilolisema mara mbili. Akafungua daftari kwenye mstari wa mwisho. Jina la mama lilikuwa pale kwa mwandiko wake, limeandikwa lote kama la mtu baki.

Kaka aliufuata mstari kwa kidole. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Kwa hiyo hakuwa amelala," alisema.

"Hakuwa amelala."

"Alikuwa anangoja."

"Ndiyo."

"Na wewe umenikalisha mwaka mzima namshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakikutokea."

"Niliogopa, kaka."

"Uliogopa." Alishika randa, akaiweka tena. "Sasa umekuja kuniambia kwa nini?"

Alimweleza kuhusu ruzuku. Alimwambia hawezi kulipeleka daftari watu wa mbali wakalisoma kabla ya yeye kujua. Kaka alisikiliza huku amempa mgongo.

"Peleka," alisema mwishowe. "Lakini hapa usije kwa sasa. Nikitaka kukuona, nitakuona."

Mkurugenzi alipoliona daftari hakuuliza maswali. Mhandisi alivua kofia. Safari hii wizara ilimtuma afisa, mama mwenye miwani, aje kuhakiki. Alipekua kurasa moja moja mpaka ya mwisho.

"Huyu wa mwisho, kuna yeyote anayeweza kuthibitisha kwamba kweli alipiga?"

"Mimi," alisema Bi Haloo. "Ni mama yangu."

Afisa aliweka kalamu chini. Kisha akaiokota tena na kuandika, kwa sababu kazi ni kazi.

Ruzuku ikatoka. Kituo kikajengwa kilimani kwa miezi kumi na minne: nguzo nene za zege, madirisha yenye mabamba ya chuma ya kufunga upepo ukizidi, betri na jenereta juu ghorofani, na redio ya pili ya akiba. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alihutubia. Alimtaja mama mmoja mjane aliyeita msaada na simu ikakatika. Watu wakapiga makofi. Bi Haloo, kwenye safu ya tatu, hakujua mikono yake aiweke wapi. Alimwona kaka nyuma kabisa, karibu na geti, amevaa shati lake la sikukuu, lile la heshima. Alipopenya umati kumfuata, kaka alikuwa ameshaondoka.

Mwaka huo mto ulifurika tena. Kituo hakikutikisika. Maji yalizunguka kilima na simu zikaendelea kuita siku mbili mfululizo. Mzee mmoja alipiga akiwa juu ya paa la banda la kuku.

"Wanakuja?" aliuliza.

"Nimewapa mahali ulipo, baba. Wana watu wengine wawili kabla yako. Sijui kama watakuwahi. Lakini simu sikati."

Mzee alishusha pumzi. "Afadhali umesema," akasema, kisha wakazungumza habari za kuku, wangapi wamepona, jogoo gani ni mkorofi, mpaka ikasikika injini ya boti.

Mvua ilipokatika, wenzake walifuatwa na watu wao. Mke wa mhandisi alikuja na sweta na chupa ya chai. Wengine walipigiwa honi getini. Bi Haloo aliteremka kilima kwa miguu, viatu mkononi. Alifika nyumbani, mlango umefura kwa unyevu, ukamshinda kufungua. Akazunguka akaingilia dirisha la jikoni, mtu mzima na nywele zake za mvi, na hakukuwa na wa kumcheka.

Jumapili iliyofuata alisikia kugonga. Kaka alikuwa nje na mfuko wa vifaa.

"Nimesikia unaingilia dirishani," alisema. "Majirani wanasema tumepata mwizi mzee."

Aliung'oa mlango, akaulaza juu ya viti viwili, akaupunguza pembeni kidogo kidogo. Alimwomba amshikie upande mmoja, akamshikia. Aliporudisha bawaba alifunga na kufungua mara tatu, akaridhika.

"Chakula kiko tayari, kaka. Kaa."

"Siku nyingine."

"Siku gani?"

Alifikiri, akikung'uta vumbi la mbao kwenye suruali. "Siku nyingine," alirudia, bila ukali, akaokota mfuko wake akaenda.

Bi Haloo alimtazama mpaka akakata kona. Kisha alirudi ndani, akapakua sahani moja, akakaa kula.