Wimbo wa Fundi Saa

Petro alivua kofia kabla ya kuniuliza, nami nikajua hakuja kwa salamu.

"Dada Mwanahawa, ule wimbo wa bibi wa kinuni mnaupiga kwa makusudi?"

Tulikuwa tumesimama barazani kwenye kituo chetu kidogo cha redio mjini Mtwara. Nilimjibu ndiyo, wasikilizaji wanaupenda, tumeshaurudia Ijumaa tatu. Petro, mzee wa Kimakua anayeuza mkaa Mtawanya, aliigeuzageuza kofia yake.

"Kumbe hujui wimbo wenyewe unasema nini."

"Ni wimbo wa kutwanga."

"Hutwangiwa, kweli. Lakini huo ni wa kumsema mtu."

Akanitafsiria kile Kimakua polepole, mstari mmoja baada ya mwingine, macho yake yakiwa sakafuni. Fundi wa Mikindani mwenye jicho la kioo, saa za watu wote unazijua. Mbona mwanao hujui ana miaka mingapi? Mhogo ulioupanda umekomaa, umechimbwa, umeliwa, na wewe hujarudi kuuonja.

Mikindani ina fundi saa mmoja tu. Tangu sijazaliwa huketi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, saa ya mtu imelala wazi kiganjani. Ni Saidi Kassimu. Ni baba yangu.

Sikumbuki kama nilimshukuru Petro. Nakumbuka nilirudi ndani nikakaa, na mwenzangu Jesca akaniuliza mara mbili kama naumwa.

Miaka miwili nilikuwa nimezunguka kusini yote kwa ajili ya kipindi changu cha ngoma za asili. Nilirekodi beni za Wayao, sindimba ya Wamakonde, dufu za maulidi za kwetu Mikindani. Maana ya wimbo niliiuliza pale nilipokuwa na nafasi; nyimbo nyingine niliziacha zipendeze tu. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Bi Graca, katika kijiji cha jirani na Kilambo, karibu na mto Ruvuma, mto aliouvuka na wazazi wake wakikimbia vita vya Msumbiji. Alikuwa anatwanga makopa ya mhogo. Aliniimbia nyimbo mbili za mavuno, kisha akausimamisha mchi.

"Wewe mwana wa nani?"

Nilimjibu kwa kujidai, maana jina la baba lilinifungulia milango mingi. "Wa Saidi, fundi saa wa Mikindani."

Alinitazama usoni muda mrefu.

"Usizime hiyo mashine," alisema. "Nina mmoja bado."

Nami nikamsogezea kinasasauti karibu na mdomo.

Pale ofisini ndipo yote yaliponirudia. Kwa mdomo wangu mwenyewe niliutangaza, nikausifu, nikauita hazina. Mara tatu. Na kila Ijumaa baba alikuwa kando ya redio yake. Baada ya ile Ijumaa ya kwanza, nilipofika nyumbani, aliniambia, "Sauti imetoka safi."

Siku hiyo nilimkuta kazini kwake jioni, mwanga wa dirishani bado ukimtosha. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka wa nne sasa. Tulikuwa wawili tu nyumbani.

"Baba, unajua Kimakua?"

Hakuinua kichwa. "Nilinunua korosho kule Kilambo nikiwa kijana. Kidogo."

"Wimbo wa Bi Graca unasemaje?"

Aliiweka bisibisi mezani, akakitoa kile kioo jichoni. Sikuwahi kuyaona macho yake yote mawili yakinitazama namna ile.

"Unasema kweli."

Nilingoja aseme sivyo. Nilingoja aseme ni fitina, ni mtu mwingine, ni wivu wa watu.

"Binti niliyezaa na Graca anaitwa Odete," alisema. "Ana miaka arobaini na moja. Mwezi wa nane atatimiza arobaini na miwili."

Hapo ndipo niliposhika ukingo wa meza. Kutojua ningeweza kumsamehe. Baba yangu alikuwa ameihesabu miaka yote, mmoja mmoja, wala hakwenda.

"Kwa nini, baba?"

"Mwanzo niliona aibu. Baadaye aibu ikawa ndefu kuliko njia."

Jumamosi alivaa kanzu ya Idi, nikampeleka. Bi Graca alikuwa kivulini akichambua mbaazi. Alituona, hakuinuka. Baba alipiga hodi mara mbili kwa Kiswahili, na ya tatu kwa Kimakua.

Mwanamke alitoka ndani, unga wa mhogo mikononi. Nyusi zake zilikutana juu ya pua. Nyusi zile mimi huziona kila asubuhi kiooni. Lakini hakunitazama mimi. Alimtazama mzee mwenye kanzu, kwanza uso, kisha viatu vyake vilivyojaa vumbi.

Bi Graca aliuacha mkono wake utulie ndani ya ungo.

"Karibu, mgeni," alisema Odete, akatandika mkeka.

Baba akavua viatu, akakaa ukingoni.